Barua ya wazi kwa wakuu wa nyaraka, Dar es Salaam na Zanzibar: wasomaji wa hati zetu wangali hai

Waheshimiwa wakuu wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na wa taasisi ya nyaraka iliyopo Kilimani, Zanzibar,

Baada ya salamu na heshima, nawaandikia barua hii hadharani kwa sababu jambo ninalolileta si langu peke yangu. Programu za kompyuta zinazosoma picha ya ukurasa ulioandikwa kwa mkono, zikaigeuza kuwa maandishi yanayoweza kutafutwa na kusahihishwa, zimefika mahali pa kutegemewa kwa kila mwandiko ambao watu wameketi wakazifundisha. Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambacho kimejaa katika makabati yenu na katika makasha ya nyumba zetu, kinahitaji walimu wa namna hiyo, na walimu hao wengi ni wazee. Ombi langu ni kwamba, kabla ya kununua skana nyingine au kutia saini mkataba mwingine wa kupiga picha majalada, mtenge fedha za kuwalipa wanaoisoma hati hii wakae na kurasa zetu na kuzinakili mstari kwa mstari, ili mashine ijifunze kutoka kwao.

Nilizaliwa Unguja, katika nyumba iliyokuwa na kasha la barua. Bibi yangu mzaa mama hakupelekwa skuli ya serikali, lakini alisoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani, na barua zote alizoandikiana na ndugu zake wa Pemba na Mombasa zilikuwa za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuzisoma, kidole chake kikitembea chini ya mstari kutoka kulia, akinisimamisha kila nilipokisia neno badala ya kulisoma. Hadi leo watu huniletea hati za mashamba, nasaba za koo, madaftari ya madeni ya duka na barua za mahari ili niwasomee. Kwa miaka kadhaa sasa nafanya kazi hiyo nikisaidiwa na programu, kwa hiyo nayajua mafanikio yake na nimeyaonja madhara yake.

Niyaseme madhara kwanza. Jamaa zangu walipokuwa wakigawana shamba la urithi, walipewa nakala ya hati ya zamani kutoka ofisi moja iliyokuwa imeyapiga picha majalada yake na kuyapitisha katika programu ya kutambua maandishi. Nakala iliyochapwa ilisema mikarafuu 10. Hati yenyewe iliandika ١٥, yaani 15, lakini tano ya tarakimu hizo ni kiduara, na programu iliyozoea tarakimu za kizungu ilikisoma kiduara hicho kuwa sifuri. Mtu yeyote aliyesoma chuoni angeliona kosa hilo mara moja. Aliyekuwa mezani hakuisoma hati ile, naye hakuwa na sababu ya kuishuku nakala iliyotoka safi, kwa herufi nzuri, kwenye karatasi nyeupe. Ndugu wawili hawakusemezana kwa muda mrefu kwa sababu ya miti mitano, hadi ilipopatikana karatasi ya asili katika ghala na ikasomwa kwa macho.

Nimelitaja kosa hilo kwa sababu linaonyesha mashine hizi zinavyofanya kazi. Programu haioni neno kama sisi tunavyoliona. Kwanza huutazama ukurasa na kutafuta mistari imekaa wapi, kazi ambayo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwani waandishi wetu walipenda kuigeuza karatasi na kumalizia barua kwenye pambizo, mstari ukipanda kwa mshazari mpaka juu. Kisha hukata kila mstari kuwa picha ndogo, na kwa kila picha hutabiri mfululizo wa herufi kwa kulinganisha na mistari mingine iliyowahi kuonyeshwa pamoja na maandishi yake sahihi. Jozi hizo za picha ya mstari na maandishi yaliyohakikiwa na binadamu ndizo elimu yake yote. Usipoipa jozi za miandiko ya Kiunguja, itausoma mwandiko wa Kiunguja kwa elimu iliyoipata kwingine, kama ilivyotokea kwa ile tano.

Jambo la kutia moyo ni kwamba jozi hizo hazihitaji kuwa nyingi kiasi cha kutisha. Watengenezaji wa Transkribus, programu iliyokulia katika Chuo Kikuu cha Innsbruck na ambayo tangu mwaka 2019 inaendeshwa na ushirika wa wanachama, wamekuwa wakishauri kuanza na maneno kati ya 5,000 na 15,000 yaliyonakiliwa kwa usahihi, ambayo ni kurasa kati ya 25 na 75 hivi. Nyaraka za taifa za Uholanzi zimezisomesha mashine kwa njia ya namna hiyo, na mamilioni ya kurasa za kampuni yao ya zamani ya biashara ya Mashariki ya Mbali, ambazo mtu mmoja asingezimaliza katika maisha kadhaa, sasa zinatafutika kwa neno. Sisi hatuhitaji kuanza na mamilioni. Kurasa mia chache zilizonakiliwa vizuri, kutoka kwa waandishi tofauti na miaka tofauti, zingetosha kutupa modeli ya kwanza, yaani programu iliyokwisha kufundishwa mwandiko fulani, ambayo wasomaji wangeisahihisha na kuirudisha darasani tena na tena.

Kuhusu maandishi yaliyopigwa chapa sina mengi ya kusema. Magazeti ya zamani ya Kiswahili kama Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, yanasomeka vizuri kwa programu za bure. Tesseract, iliyobuniwa katika maabara za kampuni ya HP na kuachiwa wazi kwa umma mwaka 2005, ina modeli ya Kiswahili ambayo yeyote anaweza kuipakua leo na kuiweka katika kompyuta ya kawaida. Palipo na picha safi ya ukurasa uliochapwa, hakuna sababu ya kungoja mradi wala mfadhili.

Majalada ya Kijerumani yaliyopo Dar es Salaam, ambayo UNESCO iliyaingiza katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, nayo yana njia iliyokwisha kufunguliwa. Sehemu kubwa ya barua za mkono za maofisa wa wakati ule iliandikwa kwa mwandiko uitwao Kurrent, ambao shule za Ujerumani ziliacha kuufundisha mwaka 1941, hivyo hata Mjerumani wa leo hawezi kuusoma bila kujifunza upya. Kijana wetu anayetaka kujua boma fulani liliandika nini kuhusu kijiji chao wakati wa Vita vya Majimaji anakabiliwa na kuta mbili, ya lugha na ya mwandiko. Ukuta wa mwandiko umepunguzwa na Wazungu wenyewe, kwa kuwa waliutaka kwa ajili ya vitabu vya makanisa yao na barua za babu zao, na modeli za Kurrent zipo tayari. Hapo kazi yetu ni kuzijaribu kwa majalada yetu, kusahihisha majina ya watu na mahali ambayo modeli hizo hazijapata kuyaona, na kuendelea.

Lakini Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hakitafundishwa na Innsbruck wala Uholanzi. Barua za Kiswahili za zamani kabisa zinazojulikana, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, zimehifadhiwa Goa, India, na tangu hapo kwa zaidi ya karne mbili hati hii ndiyo iliyobeba biashara, dini, mapenzi, ugomvi na mashairi ya pwani yote. Wajerumani walipofika, maliwali na wafanyabiashara waliwaandikia kwa hati hiyo hiyo. Zanzibar mnao mkusanyiko wa miswada na vitabu vya Kiarabu ambao nao uliingizwa katika rejista ya UNESCO mwaka 2003, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinahifadhi miswada ya tenzi na barua iliyokusanywa kando ya pwani. Mali hiyo ni yetu, na ugumu wake pia ni wetu, kwa hiyo naomba niueleze kwa kirefu kidogo, maana mkandarasi akija na maneno matamu ni vema mjue cha kumuuliza.

Hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Mwandishi wa zamani aliweka alama moja kwa u na o, na moja kwa i na e, akimwachia msomaji achague. Hakuwa na herufi ya p katika Kiarabu, kwa hiyo wengi waliandika b. Na sauti ya m inayotangulia b mara nyingi haikuandikwa kabisa. Matokeo yake ni kwamba maneno baba, papa, pamba na bamba yanaweza kuandikwa sawasawa, herufi kwa herufi. Anayesoma barua ya mfanyabiashara aliyepakia jahazi hatababaika, kwa sababu anajua kwamba kilichopakiwa ni pamba. Mashine haijui jahazi ni nini. Walikuwapo waliotafuta dawa ya tatizo hili, na mashuhuri miongoni mwao ni Mwalimu Sikujua wa Mombasa, ambaye katika karne ya 19 alitumia alama za ziada ili kila sauti ya Kiswahili ipate mahali pake. Lakini desturi yake haikuenea kila mahali, na barua za Lamu, za Mombasa, za Unguja na za Kilwa kila moja ina mazoea yake.

Kwa sababu hiyo nawasihi msikubali mradi wowote unaotoka kwenye picha ya hati moja kwa moja hadi Kiswahili cha herufi za Kilatini. Kuna hatua ya kati ambayo haipaswi kurukwa. Mashine ifundishwe kwanza kuandika kile kile kilichomo, kwa herufi zile zile za Kiarabu, nukta kwa nukta, hata pale ambapo mwandishi alikosea. Kisha msomaji binadamu aandike chini yake anavyolisoma neno, na pale anapotilia shaka aseme ametilia shaka. Mwanachuoni wa kesho atakayeona kwamba tulisoma baba mahali pa pamba ataweza kurudi kwenye tabaka la kwanza, lile la herufi za Kiarabu, na kutusahihisha. Tukilifuta tabaka hilo, kosa letu litageuka kuwa historia.

Hapa ndipo napoingia katika ombi langu kuu, la wasomaji. Wanaoweza kufanya kazi ya tabaka hizo mbili wapo. Ni walimu wa vyuo vya Kurani waliojifunza kwa walimu wao, ni makarani wa zamani wa mahakama za kadhi, ni wanawake wazima waliokuwa wakitunza daftari za kungwi na za mchezo wa upatu, ni mabaharia na wachuuzi waliokuwa wakiandika hesabu zao namna hii. Kila mwaka nawaona wakipungua. Mzee mmoja niliyekuwa nikimpelekea maneno yaliyonishinda alikuwa akitambua mwandiko wa waandishi wa zamani wa mtaa wake kwa kuangalia tu mkia wa herufi ya ya. Alifariki kabla sijafikiria kumrekodi akisoma, na sijampata mwingine wa kulinganishwa naye. Watu kama yeye wasiitwe kwenye warsha ya siku moja, wakapewa chai na nauli, kisha wakashukuriwa katika ukurasa wa mwisho wa ripoti. Walipwe kwa ukurasa au kwa mwezi, kwa kiwango cha mtaalamu, na majina yao yaandikwe kwenye kila ukurasa walioufanyia kazi, ikiwa wenyewe wataridhia. Kila mmoja akae na kijana mmoja au wawili wanaojua kompyuta: mzee asome kwa sauti, kijana achape, na sauti irekodiwe, kwa sababu namna anavyolitamka neno ni ushahidi wa irabu ambazo karatasi haikuziandika.

Jambo la pili linahusu picha zenyewe, na halina gharama kubwa likifanywa mapema. Katika hati ya Kiarabu nukta ndiyo inayotenganisha herufi: ba, ta, tha na nun zinaweza kutofautiana kwa nukta tu. Sifuri nayo ni nukta. Sasa fikirini karatasi iliyotobolewa na wadudu na kurukiwa na wino, ikapigwa picha ya nyeusi na nyeupe tupu ili faili liwe jepesi. Tundu la mdudu linageuka nukta, na nukta iliyofifia inapotea, wala hakuna programu itakayoirudisha. Nimepokea mafaili ya namna hiyo kutoka kwa watu waliolipia nakala, na nimelazimika kuwaambia warudi wakaombe kuiona karatasi. Basi mkataba wowote wa kupiga picha utake rangi, utake ukali wa picha usiopungua nukta 300 kwa inchi, na 400 kwa mwandiko mdogo, na utake faili la asili lihifadhiwe bila kubanwa hata kama wananchi wataonyeshwa lililo jepesi.

Siku hizi pia wapo wanaosema kwamba haya yote hayahitajiki tena, kwa sababu programu kubwa za akili mnemba zinaweza kupewa picha na kutoa maandishi papo hapo. Nimezijaribu kwa makini. Kwa mwandiko wa Kiingereza ulio wazi zinastaajabisha. Kwa barua zetu zimewahi kunipa Kiswahili fasaha kabisa, chenye salamu, kiini na hitimisho, ambacho hakikuwamo katika karatasi. Mashine ya kawaida ikishindwa hutoa vurugu za herufi, na kila mtu anaona imeshindwa. Hizi zikishindwa hutunga, na utunzi wake una sura ya ukweli. Kwa daktari wa historia hilo ni aibu, kwa hakimu wa kesi ya shamba ni dhuluma. Zitumike, kama zitatumika, mahali ambapo kuna msomaji wa kuzihakiki, na kila ukurasa uandikwe wazi kwamba umesomwa na mashine tu au umehakikiwa na mtu. Usahihi nao usitajwe kwa maneno ya jumla. Ukiambiwa modeli inakosea herufi 5 katika kila 100, kumbuka kwamba ukurasa wenye herufi 1,500 utakuwa na makosa 75, nayo hupenda kuangukia majina na tarakimu, ambavyo ndivyo watu wanavyokuja kuvitafuta.

Naomba pia mwe na msimamo kuhusu umiliki. Zipo programu zilizo wazi, kama Kraken na eScriptorium, zinazoweza kuwekwa katika kompyuta zenu wenyewe bila picha kuvuka bahari, na zipo za kulipia zinazofanya kazi katika seva za mbali. Sina ugomvi na aina yoyote. Ila kurasa zilizonakiliwa na wazee wetu, pamoja na modeli itakayozaliwa nazo, ziwe mali ya umma wa Tanzania, katika umbizo ambalo programu nyingine inaweza kulifungua, na zitolewe bure kwa Lamu, Mombasa, Ngazija na kokote hati hii ilikotumika, kwa sababu mwandiko wao utaiboresha modeli yetu kama wetu utakavyoiboresha yao.

Lipo jambo moja ambalo sijalisikia likisemwa vya kutosha, nami nalisema kwa uzito. Utumwa ulikomeshwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, na karatasi za miaka ile zina majina: nani aliachwa huru, na nani, kwa fidia gani. Leo majina hayo yamelindwa na ugumu wa kuyapata, kwani anayeyatafuta lazima afike, aombe jalada na asome kwa siku kadhaa. Mashine ikishasoma kila kitu, mtu mwenye chuki na jirani yake ataandika jina la ukoo na kupata jibu kabla chai haijapoa. Watoto na wajukuu wa watu hao wako mitaani kwetu, wameoana na watoto wa wale waliowamiliki babu zao. Sisemi karatasi zifichwe. Wapo wanaozitafuta ili wajue walikotoka, na haki yao ni kubwa. Nasema kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 isiwe mwisho wa kufikiri kwetu, na kwamba orodha za namna hiyo zisiwekwe wazi kwa utafutaji wa kila mtu kabla hamjakaa na wazee wa mitaa, viongozi wa dini na wanahistoria, mkakubaliana namna ya kuzifungua.

Naomba basi mwanze kwa udogo na mwaka huu. Chagueni kasha moja la barua za Kiswahili, Unguja, na jalada moja la barua za maliwali, Dar es Salaam. Tafuteni wasomaji sita, vijana sita, kompyuta chache na skana ambayo bila shaka mnayo. Wapeni miezi sita. Mwisho wa muda huo wekeni hadharani kurasa, maandishi, makosa yaliyohesabiwa na gharama iliyotumika, ili wananchi na vyuo vikuu waone. Kwa upande wangu, kurasa nilizokwisha kunakili kutoka katika kasha la bibi, picha na maandishi yake kwa tabaka zote mbili, nitazileta mezani kwenu bila malipo siku mtakayoniita, pamoja na orodha ya maneno ambayo hadi leo sijaweza kuyasoma.

Wenu mwananchi,
msomaji wa hati za kale, Unguja